Maiti, vielelezo, sanamu au skrini? Kuchagua njia ya kufundisha anatomia Kisumu, Nakuru na Magharibi ya Kenya

Kila chuo cha udaktari kinachofunguliwa ukanda huu hukwama mahali pale pale. Darasa limepatikana, ratiba imepitishwa, wahadhiri wawili watatu wameajiriwa, kisha mtu anauliza kikaoni: anatomia tutaifundishia nini? Mmoja anasema bila maiti hakuna udaktari. Wa pili ameona meza ya kidijitali kwenye maonyesho Nairobi, na tangu siku hiyo hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Wa tatu, mara nyingi mhasibu, anauliza sanamu za plastiki zinauzwaje.

Zamani swali hili lilikuwa la Nairobi, ambako shule ya udaktari ilianza 1967, kisha likawa la Eldoret Chuo Kikuu cha Moi kilipofungua yake. Sasa limeenea. Maseno ina shule yake ya udaktari Kisumu, Egerton Nakuru, Masinde Muliro Kakamega, na Uzima, chuo cha Kikatoliki, nacho kiko Kisumu. Ongeza kampasi za KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, ambako maafisa wa kliniki na wauguzi nao wanasoma anatomia, ingawa si kwa kina kile kile. Mahitaji yao hayafanani, na hapo ndipo ugomvi mwingi wa kikaoni unapozaliwa: mtu anatetea njia iliyomfaa yeye alipokuwa mwanafunzi.

Njia kuu ni nne: wanafunzi kupasua maiti wenyewe, kusomea vielelezo vilivyokwisha kupasuliwa na mtaalamu, sanamu pamoja na mifupa, na programu za kompyuta. Karibu kila chuo huishia kuchanganya. Swali ni ipi iwe mhimili na ipi iwe kiegemeo.

Vigezo kabla ya bei

Cha kwanza ni jicho na mkono: mwanafunzi anaona nini, anagusa nini, na ni kitu gani njia hiyo haimwonyeshi kabisa. Cha pili ni gharama, na hapa nasema gharama ya kuanza na ile ya kila mwaka, maana wengi huhesabu ya kwanza tu. Cha tatu ni watu: walimu wangapi, na fundi wa maabara wa aina gani. Cha nne ni sheria na familia, kwa kuwa mwili wa mtu hautoki dukani. Cha tano ni afya ya waliomo chumbani.

Niseme mapema ninakoegemea: cha tatu ndicho ninachokipa uzito zaidi. Kifaa chochote kisicho na mwalimu wa kusimama karibu nacho huwa fanicha. Na kwa anayetaka ushahidi kabla ya maoni, uchambuzi wa pamoja wa tafiti nyingi uliochapishwa 2018, zikiwamo zilizolinganisha kupasua na vielelezo, sanamu na kompyuta, haukuona tofauti ya maana katika alama za mitihani ya karibuni. Matokeo hayo hayasemi kwamba njia zote ni sawa. Yanasema mtihani wa mwisho wa muhula unapima majina na mahali, na majina yanaweza kukaririwa kwa njia yoyote ile. Kinachobaki mkononi baada ya miaka mitano, pale mtu anapoingiza mrija kifuani mwa majeruhi wa ajali ya bodaboda saa nane usiku, ni jambo jingine.

Kwanza: wanafunzi kupasua maiti wenyewe

*Jicho na mkono.* Hakuna njia inayokaribia hii kwa mguso. Chukua kwapa. Ngozi imeshafunguliwa, chini yake kuna mafuta ya manjano yaliyofifia, yenye unyevu, na humo ndani umo mtandao wa neva za mkono unaotoka shingoni, C5 hadi T1, yaani kuanzia neva ya tano ya shingo hadi ya kwanza ya kifua. Kitabuni mtandao huo umechorwa kwa mistari safi. Hapa hakuna mstari. Mwanafunzi anaweka kisu chini, anachukua koleo butu, anaanza kuchambua mafuta punje kwa punje. Neva ndogo ndani ya mafuta ni kama mwiba kwenye kitoweo cha samaki: ulimi, au hapa kidole, huutambua kabla ya jicho. Baada ya saa nzima hivi inaanza kujitokeza ile herufi M maarufu, neva ya mediani ikiwa na mizizi yake miwili iliyoikumbatia ateri. Pembeni, kwenye ukuta wa mbavu, ipo neva ndefu ya kifua, nyembamba, imelala juu ya msuli wazi bila kinga. Aliyeiona ilivyolala hahitaji kuambiwa mara mbili kwa nini mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya titi anaweza kurudi kliniki bega limetokeza nyuma kama bawa.

"Daktari, hii ni neva au ni utando tu?"

"Ivute polepole. Utando utakatika."

Mazungumzo ya namna hiyo hayapo kwenye skrini.

Jambo la pili ambalo njia hii hufundisha bila kukusudia ni kwamba watu hawafanani. Karibu mtu mmoja kati ya wanne ana ateri ya ziada inayoingia kwenye figo. Ateri ya kibofu cha nyongo hutoka inapotaka. Kundi la meza ya pili likiita la meza ya tano lije lione ateri isiyokuwa kitabuni, darasa zima limejifunza kitu ambacho mhadhara hauwezi kukitia kichwani.

Upungufu wake upo, na watetezi wake hupenda kuuruka. Maiti iliyohifadhiwa kwa fomalini hubadilika rangi, ini linakuwa gumu, mapafu yanasinyaa, na ateri na vena zinakuwa na rangi moja ya udongo. Wanaoanza hukata kile walichokuwa wanakitafuta. Sakafu ya nyonga na sikio la ndani karibu hazionekani kabisa kwa mikono ya mwaka wa kwanza. Na inakula saa nyingi. Shule yenye mtaala unaokwenda mfumo kwa mfumo, kama Moi ambayo tangu mwanzo ilijengwa juu ya kujifunza kwa kutatua matatizo na kuwapeleka wanafunzi vijijini, hupata taabu kuilinganisha na meza ya maiti inayokwenda sehemu kwa sehemu: huku wiki ya moyo, kule wanafunzi bado wako kwenye paja.

*Gharama.* Meza za chuma kisichoshika kutu, matangi, mfumo wa hewa, maji mengi, dawa za kuhifadhi, glavu, na mwishoni mazishi ya heshima. Mwili wenyewe si bidhaa ya kununuliwa, lakini kila kinachouzunguka kina bei, na bei hiyo hurudi kila mwaka.

*Watu.* Wanafunzi wanane wakizunguka meza moja kila mmoja atashika kisu. Wakifika ishirini, watano wanapasua, watano wanachungulia, waliobaki wanaangalia migongo ya wenzao na simu zao. Meza nne zikiwa na mwalimu mmoja, mwalimu huyo atakuwa anazima moto. Halafu yuko mtu asiyetajwa kwenye bajeti hata siku moja: fundi wa maabara, yule ambaye wanafunzi wanamwita mzee hata kama ana miaka arobaini. Ndiye anayejua mwili upi uliingia lini, dawa ilipenya vizuri wapi, na kiungo gani kimeanza kuota ukungu. Chuo kikiwa na fundi mmoja tu na fundi huyo akastaafu, utaijua tofauti muhula mmoja tu ukipita.

*Sheria na familia.* Kenya ina Sheria ya Anatomia, Sura ya 249, inayosimamia shule zinazopokea miili kwa mafunzo. Miili mingi inayotumika nchini ni ile ambayo haikudaiwa na mtu katika mochari za hospitali. Kimataifa mwelekeo ni mwingine: shirikisho la vyama vya wanaanatomia duniani lilipendekeza mwaka 2012 kwamba itumike miili iliyotolewa kwa hiari ya mwenyewe angali hai. Kwetu hiari hiyo ni ngumu. Nyanza na Magharibi, mtu huzikwa nyumbani kwao, na jambo hilo si la mke na watoto peke yao. Kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986, ilionyesha uzito wake: mjane alitaka kumzika karibu na Nairobi, ukoo wa Umira Kager ukadai arudi Siaya, na baada ya miezi mitano mahakamani akazikwa Nyalgunga. Anayepanga mpango wa watu kujitolea miili Kisumu azungumze na wazee na makanisa kwanza, na aeleze wazi kwamba mwili hurudi kwa familia kuzikwa baada ya masomo. Bila ahadi hiyo hakuna kitakachosogea.

Upande wa pili wa jambo hili huwa haujadiliwi. Mwili usiodaiwa mara nyingi ni wa maskini: msukuma mkokoteni, mgonjwa aliyetelekezwa, mtu aliyekuja mjini kutafuta kazi akiwa hana kitambulisho. Shule nyingi duniani hufanya ibada ya shukrani kabla ya mazishi ya miili hiyo, na wanafunzi huisimamia wenyewe. Haina gharama kubwa, na ninaona isingefaa kuachwa.

*Afya.* Fomalini ndiyo adui. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka fomaldihaidi, kemikali iliyomo kwenye fomalini, mwaka 2004 kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari na joto la ziwani, mvuke wake huwa mkali kuliko Nakuru yenye baridi, iliyo kwenye mita 1,850. Feni ya darini haitoshi, maana mvuke unapita puani kabla ya kufika juu. Kinachosaidia ni meza zinazovuta hewa kuelekea chini. Ipo pia njia ya Walter Thiel wa Graz, Austria, aliyoichapisha mwaka 1992, inayotumia fomaldihaidi kidogo sana na kuacha viungo vikiwa laini na vinavyokunjika. Ni nzuri ajabu kwa mafunzo ya madaktari wa upasuaji, ila dawa zake ni ghali.

*Inamfaa nani.* Shule ya udaktari yenye hospitali kubwa ya rufaa karibu, makundi madogo, na walimu wa kutosha. Pia madaktari wanaosomea upasuaji, ambao nadhani ndio wanaofaidika zaidi hata kuliko wa mwaka wa kwanza.

Pili: vielelezo vilivyoandaliwa

Hapa mtaalamu amepasua mkono, moyo au nusu ya kichwa kwa ustadi, na wanafunzi wanakisoma kilichokwisha kufunguliwa. Vingine hukaa kwenye dawa, vingine ni vya plastinesheni, njia aliyoibuni Gunther von Hagens huko Heidelberg mwaka 1977: maji na mafuta ya mwilini hutolewa kwa asetoni baridi, kisha silikoni huvutwa ndani kwa nguvu ya ombwe hadi kielelezo kikauke kabisa.

*Jicho na mkono.* Unaona katika nusu saa kile ambacho kundi la wanaoanza lingekifikia kwa wiki tatu, na unakiona kikiwa kizima. Huu ndio uzuri wake mkubwa, hasa kwa shingo, nyonga na msingi wa fuvu. Kielelezo cha plastinesheni unakishika bila glavu, unakigeuza mezani, hakinuki. Lakini ni kikavu na kigumu: pafu lake limekaa mkao mmoja, na msuli hausogei ukiuvuta. Kile cha dawa kina mguso wa kweli zaidi, ila kikipita mikono ya madarasa matano neva nyembamba huwa zimekwisha kukatika na mtu ameziunganisha kwa uzi. Na mwanafunzi hakukitafuta kitu hicho, alionyeshwa. Hiyo ni hasara halisi, ingawa si kubwa kama wanavyodai waliosoma zamani.

*Gharama.* Vya dawa ni nafuu kama tayari mnapokea miili, kwani mwili mmoja hutoa vielelezo vingi. Vya plastinesheni vikinunuliwa nje ni ghali, lakini hudumu miaka mingi bila tangi wala dawa. Kutengeneza vyenu wenyewe kunawezekana, ila kumbukeni asetoni inashika moto haraka na majokofu yake si ya kuhifadhia soda.

*Watu.* Mwalimu mmoja anaweza kushughulikia wanafunzi wengi zaidi kuliko kwenye maiti. Ila mnahitaji mtu mmoja mwenye mkono wa kupasua vizuri, na huyo hapatikani kwa tangazo la gazeti. Njia ya busara niliyoiona ni kuwapa wanafunzi wa miaka ya juu wanaopenda upasuaji kazi ya kuandaa vielelezo wakati wa likizo, wakisimamiwa.

*Sheria na familia.* Ni mwili wa binadamu bado. Sura ya 249 haijaondoka kwa sababu kitu kimekauka. Mkinunua nje, dai hati inayoonyesha mwili ulitoka wapi na kwa ridhaa ya nani. Maonyesho ya miili ya plastinesheni yaliwahi kuzua maswali makubwa kuhusu miili iliyotoka China, na chuo cha hapa hakitaki kujibu maswali hayo gazetini.

*Afya.* Nzuri kwa vile vikavu, ya kawaida kwa vile vya dawa.

*Inamfaa nani.* Darasa kubwa, walimu wachache, mtaala wa mfumo kwa mfumo. Ningekuwa nashauri shule nyingi za hapa magharibi, ningeanza na hii kama mhimili. Nasema nyingi, si zote.

Tatu: sanamu na mifupa

*Jicho na mkono.* Sanamu nzuri inaonyesha mpangilio kwa haraka: figo ziko wapi, umio unapita nyuma ya nini. Inabebeka, inafunguliwa na kufungwa, na mwanafunzi hawezi kuiharibu kwa urahisi. Tatizo ni rangi. Neva ni za manjano, ateri nyekundu, vena za bluu, na zote zimekaa mbali mbali kwa adabu. Anayesoma sanamu peke yake hushangaa chumba cha upasuaji, ambako kila kitu ni chekundu na kimebanana.

Mifupa ni habari nyingine. Mtu mzima ana mifupa 206, kiganja na kifundo cha mkono peke yake 27, na mfupa halisi una vishimo, mikwaruzo na kingo ambazo plastiki huzilainisha. Zamani mifupa mingi ya kufundishia duniani ilitoka India, hadi nchi hiyo ilipopiga marufuku kuisafirisha nje mwaka 1985. Tangu hapo seti nzuri zimekuwa adimu. Chuo kinachopasua miili kina nafasi ya kusafisha na kuhifadhi mifupa kwa ruhusa ya kisheria, kiweke namba kila mfupa, na kiazimishe kama maktaba. Mwanafunzi akinunua mifupa mitaani kwa mtu asiyejulikana, anaweza kuwa ameshika ushahidi wa jinai.

*Gharama.* Ya kuanza ni ya kati, ya kila mwaka ni ndogo. Sanamu za bei ya chini kabisa huwa na makosa ya anatomia yenyewe. Nimeona moyo ambao vali zake zilikuwa mapambo tu. Kabla ya kununua, mpeleke mwalimu akazishike, si afisa ununuzi peke yake.

*Watu, sheria, afya.* Mwalimu yeyote aliyehitimu anatosha, sheria haikusumbui kwa plastiki, na afya haina shida. Hapa njia hii inazishinda zote.

*Inamfaa nani.* Wauguzi na maafisa wa kliniki katika hatua za mwanzo, vyuo vidogo, na marudio ya jioni. Muuguzi anayejifunza kuchoma sindano ya makalio anahitaji kujua kwamba robo ya juu upande wa nje ni salama kwa sababu neva ya siatiki inapita chini na ndani zaidi. Sanamu inamtosha. Sioni kwa nini achukuliwe na basi hadi Eldoret kuonyeshwa hilo kwenye maiti.

Nne: skrini

Hapa zimo meza za kidijitali zenye ukubwa wa mtu, kama Anatomage, pia programu za simu na kompyuta, kuanzia zinazolipiwa kila mwaka kama Complete Anatomy hadi za bure kama Z-Anatomy.

*Jicho na mkono.* Mkono haupati kitu, tuseme wazi. Jicho linapata mengi. Unaondoa msuli na kuurudisha, jambo ambalo kisu hakiwezi. Unazungusha mfumo wa vyumba vya ubongo ukautazama kwa chini. Na zaidi ya yote, unakata mwili vipande vya mlalo na kuvilinganisha na picha za CT, yaani eksirei za vipande vya mwili, lugha ambayo daktari wa leo atasoma kila siku. Kwa ukuaji wa mimba, kwa ubongo, na kwa picha za vipande, skrini inashinda maiti. Udhaifu wake ni kwamba kila mgonjwa wa humo ni yule yule: hakuna ateri ya ziada, hakuna mafuta, hakuna uzee.

Wengi hudhani skrini imekwepa suala la miili. Haijakwepa. Picha nyingi za kidijitali zina asili katika mradi wa maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, uliotoa picha za mwanamume mwaka 1994 na za mwanamke mwaka uliofuata. Mwili wa mwanamume ulikatwa vipande vya milimita moja, wa mwanamke theluthi ya milimita. Mwanamume huyo alikuwa mfungwa aliyeuawa kwa hukumu huko Texas mwaka 1993. Ridhaa ya mfungwa anayesubiri kifo bado inajadiliwa hadi leo.

*Gharama.* Meza moja hula mamilioni ya shilingi, na juu yake kuna leseni, matengenezo, na fundi atakayetoka mbali. Stima ikipotea katikati ya kipindi, somo limekwisha, kwa hiyo ongeza betri au jenereta. Programu za simu ni rahisi zaidi, lakini angalia kama zinafanya kazi bila bando. Mwanafunzi anayeishi kwa mkopo wa HELB hataunguza data kutazama wengu ukizunguka.

*Watu.* Hapa ndipo vyuo hujidanganya. Huambiwa meza itapunguza walimu. Ukweli ni kwamba wanafunzi arobaini wakiizunguka meza moja bila mwalimu, mmoja anagusa skrini na thelathini na tisa wanatazama. Shule ya Peninsula kusini-magharibi mwa Uingereza, iliyopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2002 bila maiti, haikuziba pengo kwa mashine pekee. Ilitumia miili hai, picha za hospitali na walimu wengi wa vikundi vidogo. Anayeiga sehemu moja tu ya mpango ule hapati ule mpango.

*Sheria, familia na afya.* Hakuna ruhusa ya mochari, hakuna harufu. Mwanafunzi ambaye imani yake au msiba wa karibuni unamzuia kukaribia maiti ana pa kuanzia. Macho yatachoka, basi.

*Inamfaa nani.* Wanaosomea picha za tiba, madarasa ya ubongo na mimba, marudio bwenini, na wakati wa dharura. Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa korona, waliokuwa na programu kwenye simu waliendelea kusoma, na waliotegemea chumba cha maiti pekee walisimama.

Kuna njia ya tano ambayo haina kampuni ya kuitangaza: mwili ulio hai. Wanafunzi wakichorana mipaka ya mapafu kwa kalamu, wakihesabu mbavu za wenzao, wakipapasa mapigo nyuma ya kifundo cha mguu, wanajifunza anatomia ile ile watakayoitumia wodini. Ultrasaundi ndogo ya mkononi ikipatikana, moyo wanauona ukidunda. Ichanganye na njia yoyote utakayochagua. Waheshimuni tu wasiotaka kuvua shati.

Uko wapi wewe?

Kama ni shule ya udaktari iliyo jirani na hospitali kubwa, mathalani ile ya rufaa ya Jaramogi ambayo Kisumu nzima bado inaiita Russia, na mnaweza kuweka wanafunzi wasiozidi kumi kwa meza, pasueni. Si lazima mwili mzima. Acheni kila kundi lipasue sehemu mbili kwa mikono yake, kiungo kimoja na kifua au tumbo, na zilizobaki lisomee vielelezo. Skrini itumike kwa vipande na ubongo.

Kama darasa limevuka mia na walimu ni watatu, kupasua kutageuka sinema. Wekeni vielelezo kuwa mhimili, gaweni wanafunzi zamu, na pesa mliyotaka kununulia meza ya kidijitali ilipe mishahara ya madaktari vijana wanaosubiri kuendelea na masomo, wafundishe vikundi vya wanafunzi wanane. Nakuru na Eldoret hawa wanapatikana.

Kwa KMTC na vyuo vya uuguzi: sanamu nzuri, mifupa iliyohesabiwa, mwili hai, na ziara moja au mbili zilizopangwa vizuri kwenye maabara ya chuo kikuu jirani. Ziara hiyo iwe na swali la kujibu. Kwa maafisa wa kliniki, swali langu lingekuwa mrija wa kifua: waione neva na mishipa ya damu ikipita kwenye ukingo wa chini wa ubavu, ili wajue kwa nini mrija hupitishwa juu tu ya ubavu unaofuata chini yake.

Chuo kisicho na mfumo wa hewa unaofanya kazi, hasa kando ya ziwa, kisilete fomalini hata kama miili ipo. Kianze na vikavu na sanamu mpaka jengo liwe tayari.

Daktari anayejiandaa kusomea upasuaji asihangaike na programu mpya. Atafute wiki chache mezani na maiti, hata kama ni kwa kumsaidia mwalimu kuwafundisha wa mwaka wa kwanza. Na mwanafunzi aliye bwenini na shilingi chache: programu ya bure isiyohitaji intaneti, fuvu la kuazima, na mwenzako wa kuulizana. Kabla ya mtihani wa vituo, ule wa kutaja kiungo kilichochomekwa pini, rudi kwenye vielelezo vyenyewe, kwa sababu pini haitachomekwa kwenye simu.

Kwa atakayetia sahihi hati ya ununuzi, iwe ya meza ya chuma au ya kioo: kabla hujalipa, andika kwenye hati hiyo hiyo jina la mtu atakayekitunza kifaa mwaka wa tatu, na mshahara wake utatoka fungu gani. Nafasi hiyo ikibaki wazi, subiri.